Kombe moja la bahari nyikani: liandikwe au lirukwe?

Mwanaakiolojia anakagua nyika ya Athi, nchini Kenya, mbele ya vigingi vya barabara mpya. Juu ya udongo mweusi anaona kipande cha kombe la bahari. Pembeni hakuna kigae cha chungu, hakuna jiwe lililochongwa. Ainame na kukiandikia fomu, au apite?

Wanaosema apite wana hoja. Udongo ule hupasuka kiangazi na kufura wakati wa mvua, kwa hiyo cha jana hutumbukia chini na cha kale hupanda juu. Tabaka la kukisomea umri halipo. Makombe kama kauri yamevaliwa na kuuzwa hadi enzi za babu zetu, na waganga wanayo hadi leo. Tena mkandarasi anahesabu siku zake.

Lakini hilo la umri lina jibu: kombe lenyewe hupimwa umri kwa kaboni iliyomo ndani yake. La umbali ndilo huwa wanalikwepa. Kutoka Mombasa hadi Athi ni zaidi ya kilomita 400, na kombe halina miguu. Ukiliona hapa, umeona mtu, au msururu wa watu waliopokezana. Pale Olorgesailie, eneo la kale kwenye njia ya Magadi, zana za miaka zaidi ya 300,000 zilichongwa kwa mawe ya kioo cha volkeno yaliyotoka kilomita 25 hadi 95. Tusingelijua hilo kama mawe hayo hayangeandikwa yalikookotwa.

Kuna hesabu moja ambayo hainitoki kichwani. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa shanga za maganda ya mayai ya mbuni: shanga 1,516 kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika. Ulionyesha kuwa kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili walitengeneza shanga zinazofanana mno, dalili kwamba walikuwa na mawasiliano. Gawanya: ni wastani wa shanga 49 kwa kila eneo. Zote zingeenea kwenye mfuko mdogo, na ushanga mmoja ni mdogo kuliko kifungo cha shati. Ukiziokota bila kuandika zilikotoka, unabaki na mapambo tu.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 nayo inampa aliyegundua kitu cha kale siku saba kutoa taarifa, akieleza mahali hasa na mazingira ya ugunduzi. Inasema kitu, haikungoja lundo.

Nakubali kwamba kombe moja halistahili kuitwa eneo la kale, wala kusimamisha barabara. Magamba ya konokono wa shambani tusiyajaze kwenye daftari. Ila picha yenye kipimo, namba za jipiesi (GPS) za mahali, aina ya udongo na sentensi ya shaka, kwamba huenda limeletwa majuzi, huchukua dakika chache, na mkandarasi hatahisi. Atakayekagua ng'ambo ya mto miaka kumi baadaye, akiokota la pili, atakuta la kwanza kwenye kumbukumbu. Tukiliruka, naye ataliona lake liko peke yake, na ataliruka kwa sababu ileile, wakati mahali lilipokuwa letu pako chini ya lami.