Mwigizaji wa Ireland Apimwe Jukwaani, Oscar Ije Baadaye

Mwaka 1996 mjini Galway, magharibi mwa Ireland, Marie Mullen alipanda jukwaani akiwa Maureen Folan, mwanamke wa miaka 40 aliyekwama kijijini akimtunza mama yake. Mwaka 2016 kikundi kilekile, Druid, kikaurudisha mchezo uleule chini ya mwongozaji yuleyule, Garry Hynes, na safari hii Marie Mullen akawa Mag, yule mama. Ukiniuliza kazi ya mwigizaji wa Ireland ikoje, nitakutajia maonyesho hayo mawili kabla ya kukutajia zulia jekundu lolote.

Mchezo wenyewe, The Beauty Queen of Leenane wa Martin McDonagh, lazima nikusimulie kidogo ili uone uzito wa jambo hili. Karibu mambo yote yanatokea ndani ya jiko la nyumba moja ya mashambani huko Connemara, eneo la magharibi mwa Ireland. Mag ameketi kwenye kiti chake cha kubembea, anaagiza chai, anaagiza uji, anaagiza Complan, kinywaji cha unga cha lishe, halafu analalamika kuwa ina madonge. Mkono wake umeungua. Maureen anakoroga, anabamiza vyombo, anajibu kwa ukali, na watazamaji wanacheka, maana mwanzoni ni vichekesho vya mama na binti waliochokana. Kisha anatokea Pato Dooley, mwanakijiji anayehangaika na kazi za ujenzi Uingereza. Anampenda Maureen na kumwandikia barua ya kumwita waondoke pamoja waende Boston. Barua inaangukia mikononi mwa Mag. Anaisoma, anaitia motoni. Siku Maureen anapoujua ukweli anachemsha mafuta ya kupikia, anaushika mkono wa mama yake, na hapo vicheko vyote vinakatika.

Mwishoni Mag ameshakufa. Maureen anakalia kile kiti cha kubembea, na kijana wa jirani anamwambia amekuwa mama yake mtupu. McDonagh aliliandika hilo kwenye karatasi. Mullen alikuja kulitimiza kwa mwili na umri wake. Fikiria mtu wa Galway aliyemwona akiwa binti, akapata watoto, akazika wazazi, kisha akarudi ukumbini kumwona mwanamke yuleyule akiwa mama mzee. Na mfikirie Aisling O'Sullivan, aliyecheza Maureen mwaka 2016, akigombana kila usiku na mtu aliyekwisha kupita njia hiyo yote kabla yake, anayejua kila pumzi ya upande wa pili. Utajiri wa namna hiyo hakuna studio inayoweza kuununua. Unapatikana pale tu ambapo kikundi kimedumu, na mwigizaji amedumu nacho.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1985 Druid walicheza Bailegangaire ya Tom Murphy. Ndani yake kuna bibi aitwaye Mommo, aliyelala kitandani akisimulia kila usiku kisa ambacho hakimalizi kamwe, na wajukuu wake wawili wa kike wanaomsikiliza mpaka wanataka kupasuka. Mommo alikuwa Siobhán McKenna, malkia wa jukwaa la Ireland kwa miongo mingi, aliyeanza uigizaji Taibhdhearc, ukumbi wa Galway unaocheza kwa lugha ya Kiayalandi. Mwaka uliofuata McKenna akafariki. Mjukuu mkubwa, Mary, alikuwa Marie Mullen. Druid walipourudia mchezo huo mwaka 2014, aliyelala kile kitanda akisimulia alikuwa Mullen. Huo ni urithi wa kazi uliopita mkono kwa mkono, mbele ya watu, kwenye chumba kimoja. McKenna hakumwachia Mullen kitabu cha maelekezo. Alimwachia sauti iliyokaa masikioni kwa karibu miaka 30.

Druid ilianzishwa mwaka 1975 na watu watatu: Hynes na Mullen, waliokuwa wametoka kwenye kikundi cha michezo ya kuigiza cha chuo kikuu, na Mick Lally, mwalimu wa sekondari katika mji wa Tuam, aliyekulia jimbo la Mayo akizungumza Kiayalandi. Wakati ule katika Jamhuri ya Ireland hakukuwa na kikundi hata kimoja cha waigizaji wa kulipwa nje ya Dublin. Aliyetaka kuishi kwa uigizaji alipanda treni kwenda Dublin au meli kwenda London. Hao watatu walibaki Galway. Miaka 23 baadaye mchezo wao, The Beauty Queen of Leenane, ulifika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na kuondoka na tuzo 4 za Tony, tuzo kuu za jukwaa la Marekani: Mullen akawa mwigizaji bora wa kike, Anna Manahan aliyekuwa Mag wa kwanza akapata yake, kijana Tom Murphy akapata yake, na Hynes akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tony ya kuongoza tamthilia. (Huyu Tom Murphy mwigizaji asichanganywe na Tom Murphy mtunzi wa Bailegangaire.) Hynes na Mullen waliendelea na Druid. Mwaka 2005 wakacheza tamthilia zote 6 za mtunzi John Millington Synge ndani ya siku moja, watazamaji wakiingia mchana na kutoka usiku.

Lally naye alichukua njia ambayo baadhi ya wapenzi wa jukwaa huidharau, na hapo sikubaliani nao kabisa. Kuanzia 1983 hadi 2001 alikuwa Miley Byrne, mkulima mpole wa tamthilia ya RTÉ, runinga ya taifa ya Ireland, iitwayo Glenroe, iliyorushwa Jumapili jioni. Aliyecheza mkewe, Biddy, ni Mary McEvoy, ambaye katika Bailegangaire ya 1985 alikuwa yule mjukuu wa pili. Kwa hiyo familia zilizokaa mbele ya runinga Jumapili zilikuwa zinawatazama waigizaji wa jukwaa wa daraja la juu bila hata kuwaza hivyo. Mshahara wa runinga ulimpa Lally utulivu, na utulivu ule ulimruhusu kuendelea kupanda jukwaani. Leo ukumbi mdogo wa Druid, katikati ya Galway ya zamani, una jina lake. Mtu akiniambia kwamba Lally "alijipoteza" kwenye runinga, namuuliza alitaka ale nini.

Maana suala la riziki ndilo kiini cha habari hii yote, na ni la zamani. Ukumbi wa Abbey ulifunguliwa Dublin tarehe 27 Desemba 1904, na waigizaji wake wa mwanzo walikuwa watu wa ofisini na madukani waliofanya mazoezi jioni baada ya kazi. Barry Fitzgerald ndiye mfano ninaoupenda. Jina lake halisi lilikuwa William Shields, mtumishi wa serikali. Mchana alishughulika na mafaili, usiku akawachekesha watu wa Dublin mpaka machozi katika tamthilia za Seán O'Casey. Aliishi hivyo kwa miaka, na hakuacha ofisi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Baadaye akaenda Hollywood, na mwaka 1945 akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi. Mwaka huohuo, kwa uhusika huohuo, alikuwa ameteuliwa pia kuwania ya mwigizaji bora, jambo ambalo kanuni za tuzo hizo zilibadilishwa ili lisijirudie.

Brendan Gleeson alifundisha sekondari mpaka 1991, akiwa na umri wa miaka 30 na kitu, ndipo akaacha chaki. Kuna wanaosimulia visa hivi kama hadithi tamu za uvumilivu. Mimi vinaniuma. Kwa kila Gleeson aliyethubutu kuacha kazi akafanikiwa, kuna walimu na makarani wenye kipaji cha kiwango hichohicho waliobaki darasani na ofisini kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Ireland iliwapoteza na haitayajua majina yao.

Ndiyo maana naona ruzuku ya mwaka 1925 ni tukio kubwa katika historia ya uigizaji wa nchi ile kuliko Oscar yoyote. Taifa lilikuwa changa, limetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka miwili tu nyuma, na bado serikali ikatenga pauni 850 kwa ajili ya Abbey. Ukawa ukumbi wa kwanza kupewa ruzuku ya dola katika nchi zinazozungumza Kiingereza. Mwaka 2022 serikali ikafanya jambo la ujasiri wa aina hiyo tena: wasanii 2,000, waigizaji wakiwemo, wakaanza kulipwa euro 325 kila wiki, bila sharti la kuonyesha wamezalisha nini. Waliochaguliwa walipatikana kwa bahati nasibu kati ya maelfu waliotimiza vigezo. Katika bajeti ya mwaka 2026 ikatangazwa kuwa jaribio hilo litafuatiwa na mpango wa kudumu. Nauunga mkono kwa moyo wote, ila bahati nasibu siipendi. Mwigizaji wa miaka 50 aliyeachwa nje kwa kura hawezi kuambiwa asubiri zamu nyingine. Mwili wake na sauti yake vina muda wake. Mpango wa kudumu uongeze nafasi, na uwatazame kwanza wanaofanya kazi kwenye miji midogo, ambako hakuna matangazo ya biashara wala kazi za kuingiza sauti za kuziba mwezi.

Watu watanijibu kwa jina moja: Cillian Murphy. Mwezi Machi 2024 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Ireland kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, akashukuru kwa Kiayalandi pale jukwaani. Basi Hollywood ndiyo iliyomfanya? Rudi Cork mwaka 1996. Kijana asiyeipenda sana sheria anayosoma chuoni anakibishia hodi kikundi cha Corcadorca, anapewa nafasi katika mchezo wa watu wawili, Disco Pigs, wa mtunzi chipukizi Enda Walsh. Mwenzake jukwaani ni Eileen Walsh. Mchezo ukazunguka nchi za nje, na kila kitu kikaanzia hapo.

Ulipofika wakati wa kuufanya filamu, mwaka 2001, Murphy alibaki na uhusika wake. Eileen Walsh hakubaki nao, akawekwa mwigizaji mwingine. Hapo ndipo njia zao zilipotengana. Mmoja akawa nyota wa dunia, mwingine akaendelea kujenga heshima yake kwenye majukwaa ya Dublin na London. Kipaji chao kilikuwa sawa usiku ule wa Cork. Kilichotofautiana ni nani aliitwa mbele ya kamera.

Murphy, kwa sifa yake, hakukata mizizi. Mwaka 2011 alirudi Galway kusimama peke yake jukwaani katika Misterman ya Enda Walsh, na 2014 wakashirikiana tena. Alipoamua kutayarisha filamu ya Small Things Like These, iliyotoka mwaka 2024, Enda Walsh ndiye aliyeandika mswada wake, na mke wa mhusika mkuu akachezwa na Eileen Walsh. Wale watatu wa Cork, miaka 28 baadaye, wamekutana tena jikoni kwa muuza makaa ya mawe wa mji mdogo.

Kwa wanawake ugumu huu unazidi, na haukuja kwa bahati mbaya. Mwishoni mwa 2015 Abbey ilitangaza ratiba ya kuadhimisha miaka 100 ya Uasi wa Pasaka wa 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza: michezo 10, na ulioandikwa na mwanamke ulikuwa mmoja. Lian Bell, mbunifu wa jukwaa, alianza kulalamika mtandaoni, na tarehe 12 Novemba wanawake wa tasnia nzima wakaujaza ukumbi uleule wa Abbey wakadai nafasi zao. Mwigizaji wa kike anategemea sana mambo haya, kwa kuwa akifika miaka 45 maandishi yanayomhitaji yanapungua ghafla. Mommo na Mag ni nafasi adimu. Mullen alizipata kwa sababu kikundi alichokianzisha mwenyewe kinaongozwa na mwanamke aliyemjua tangu chuoni. Wenzake wengi wa rika lake hawakuwa na kikundi cha kuwasubiri.

Dalili njema zipo. Ruth Negga, mzaliwa wa Addis Ababa aliyekulia Limerick, alikuwa ameshateuliwa kuwania Oscar aliporudi Dublin mwaka 2018 kucheza Hamlet katika ukumbi wa Gate. Hakuwa Ofelia wala malkia, alikuwa Hamlet mwenyewe. Gate ni ukumbi wa tangu 1928, ndipo Orson Welles alipoanza uigizaji akiwa kijana wa miaka 16 mwaka 1931, na kumkabidhi Negga uhusika ule lilikuwa jambo la haki lililochelewa.

Ukiipata ile filamu ya 2024, Small Things Like These, itazame. Macho ya Murphy yatakuvuta, hilo halikwepeki. Ila subiri zile dakika ambapo mume, yule muuza makaa, anaanza kuuliza yanayofanyika kwenye nyumba ya watawa ya mji wao, mke akamjibu kwamba yako mambo ya kuyapita tu ukitaka kuendelea na maisha haya. Mtazame Eileen Walsh hapo, hofu yote ya mji ikipita usoni mwake.