Eti New York ni Masaa Manane!

Jamani, huyu anayesambaza kwamba Nairobi hadi New York kwa ndege ya moja kwa moja ni masaa manane, nani alimnunulia simu?

Kila ukoo una mjuzi wake, na ndiye huyo huyo anayetumwa kumpokea mgeni. Anaishika tiketi kama hakimu anayesoma hukumu. "Inaondoka saa tano na nusu usiku, inatua saa moja na nusu asubuhi. Hesabu vidole!" Mjomba, hizo ni saa za miji miwili. Wakati wa joto lao, New York iko nyuma yetu kwa masaa 7. Baridi ikiingia yanakuwa 8. Manane ongeza saba ni kumi na tano, ndiyo safari yenyewe. "Hayo saba yako wapi kwenye tiketi?" Unavuta pumzi, unamwonyesha ya kurudi: kuondoka saa sita na nusu mchana, kutua Nairobi saa tatu na nusu asubuhi kesho yake. Anahesabu. Ishirini na moja! "Umeona? Wakirudi wanatuzungusha wamalize petroli!" Ndege ya abiria haitumii petroli, lakini nani ana nguvu. Toa saba, mjomba, yanabaki kumi na manne. Anakataa kutoa. Shangazi naye, aliyekuwa ametulia na chai yake: mbona kurudi ni kufupi? Swali la maana. Huko juu upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukirudi unakusukuma, ukienda unaupasua uso kwa uso. Mjomba: "Upepo hausukumi chuma." Haya.

Kuna na mjuzi wa kugawanya umbali kwa mwendo. Kilomita karibu 11,850, mwendo 900 kwa saa, jibu masaa 13. Safi, kwenye karatasi. Hajaweka foleni ya kurukia, kupanda taratibu, kukwepa mawingu na anga zilizofungwa, wala upepo huo.

Na mnajua nusu ya njia ni wapi? Ukifuata mstari mfupi kabisa, unapita Chad, unavuka Sahara, na katikati ni jirani na Marrakech. Masaa saba umekunja magoti, filamu ya tatu imeisha, na bado uko Afrika!

Halafu lawama: mbona mnaondoka usiku kama wezi? Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari. Hewa tayari ni nyepesi, jua la mchana linaizidishia wepesi. Bawa linakosa cha kushika na injini inapungukiwa nguvu. Ndege iliyobeba mafuta ya masaa kumi na tano inataka ubaridi, la sivyo abiria au mizigo ibaki.

Mizigo nayo! Mama anasukumia nyirinyiri katikati ya sweta. Mama, Marekani nyama hiyo haiingii, na kila chakula lazima ukitaje. Anaitoa, anaweka unga. Na begi mwisho wake ni kilo 23. Ya 24 utaitolea pale kaunta, foleni nzima inakutazama, chupi zikiwa juu kabisa.