Treni Iliposhikwa na Kiu, Makindu Ikazaliwa

Jina la mji huu ni jina la miti. Mkindu, ambao majani yake kule pwani husukwa mikeka na vikapu, hauoti mbali na maji. Ukiuona katikati ya nyika kavu ya Ukambani, jua mto au chemchemi iko karibu. Wakamba waliujua ukweli huo zamani, kabla mhandisi yeyote hajafika na kamba zake za kupimia.

Waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896 walikuwa wameonja ukame wa nyika ya Taru, ambako hata maji ya kunywa ya vibarua yaliletwa na treni. Injini ya mvuke bila maji ni chuma tu. Kwa hiyo walipoukuta mto wa Makindu, hapo wakaweka kituo cha kuhudumia injini. Reli ikaendelea, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, lakini kila injini iliyopanda kutoka pwani au kushuka kutoka bara iliendelea kuona kiu palepale.

Wengi husema reli huzaa miji. Mimi nasema kinachozaa mji ni kusimama. Kati ya Mombasa na Nairobi viko vituo chungu nzima ambavyo havikuwahi kuwa zaidi ya kibao chenye jina na kijumba cha mkuu wa stesheni, ingawa reli ni ileile. Treni inaposimama kujaza maji, mchochea makaa anashuka kunyoosha mgongo, abiria anatafuta cha kutia tumboni, mama wa kijijini anafika na mahindi ya kuchoma, na kesho yake mtu anaona afadhali afungue duka. Mji huanza hivyo, kwa njaa ya mtu anayesubiri.

Hilo naliona waziwazi ninapoingia katika hekalu la Makalasinga, watu wa dini ya Sikh, pale Makindu. Kati ya wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kujenga reli, wengi walirudi kwao, maelfu kadhaa wakabaki. Makalasinga wa Makindu, watu wa reli, walijenga hekalu hilo mwaka 1926. Mpaka leo msafiri wa barabara ya Mombasa anaingia, anavua viatu, anafunika kichwa, anaketi na kupewa chai, chapati na dengu bila kulipa. Akichoka anapewa na mahali pa kulala. Haulizwi dini wala kabila. Nimekula pale mara nyingi, na kila mara nimetoka nikiamini kwamba jambo kubwa kuliko yote lililoachwa na reli ile katika nchi yetu ni jiko hili.

Dizeli ilipochukua nafasi ya mvuke, kiu ile ikaisha. Makalasinga wengi wakahamia miji mikubwa. Mji haukufa, kwa kuwa tayari ulikuwa na hospitali, soko na barabara kuu, na madereva wa malori walikuwa wameurithi ule mtindo wa kusimama.

Reli mpya ilipofunguliwa 2017, Emali na Kibwezi zikapewa stesheni za abiria. Makindu, iliyo katikati yao, ikarukwa. Najua treni ya masafa marefu haiwezi kusimama kila mahali. Lakini ile inayosimama njiani imewekwa kwa ajili ya watu wa njiani, na siku hizi injini haina kiu ya kutuamulia. Wanaoamua ni watu, kwa hiyo wanaweza kuamua upya. Maana hivi sasa mama wa Makindu anayetaka kwenda Nairobi kwa treni, akienda kuipandia Kibwezi, huanza safari kwa kurudi nyuma upande wa Mombasa na mizigo yake. Kisha treni humpitisha karibu na kwake bila kupunguza mwendo, mahali ambapo babu zake waliziona injini zote zikisimama.