Mshipi mnene ni woga tu

Julai imeingia, watu wa Dar wanapanda daladala asubuhi wamevaa masweta, na mimi ndio msimu wangu wa kwenda baharini. Wenzangu wengi husubiri upepo wa kaskazi, maji yatulie, nguru na jodari wapite juu. Sawa. Kusi, upepo wa miezi hii, ina mawimbi na inatapisha, sibishi. Lakini katikati yake hujitokeza asubuhi chache upepo unapochelewa kuamka. Ukitoka Kunduchi saa kumi na moja alfajiri, ukakipita kisiwa cha Mbudya kwa nje, unapata saa tatu nne za kuvua changu na chewa kwenye kina kabla kusi haijakurudisha nyumbani.

Juzi kijana mmoja wa ofisini kanitumia video ya Mmarekani anayevua samaki aitwaye bass ziwani wakati wa baridi kali. Miti imebaki vijiti, pua yake imekuwa nyekundu, na anaeleza kwa nini ameshusha ndoana chini kabisa na kwa nini mshipi wake, yaani uzi wa kuvulia, ni wa fluorokaboni, aina ya plastiki. Chini ya video kijana ameandika: "Kaka, na sisi tununue huu?" Jibu langu limekuwa refu mno kwa WhatsApp.

Kwanza, sababu yake ya kwenda kwenye kina siyo yetu. Maji matamu huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi joto 4. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi na kubaki juu, na barafu, iliyo nyepesi zaidi, huelea. Kwa hiyo ziwa likishapoa, kajoto kalikobaki kako chini, na bass, ambaye mwili wake hufuata joto la maji, hushuka huko, akapooza, akala kwa kujivuta. Nilipomsimulia nahodha wangu, mzee wa Kunduchi aliyeanza kuvua kabla sijazaliwa, akaniuliza, "Na huko chini anajifunika nini?" Bahari yetu ikipoa sana mwezi wa Agosti ni nyuzi 25 hivi. Changu wetu hasinzii. Sisi tunashuka kwenye kina kwa sababu mwamba uko huko, basi.

Ila yule Mmarekani na nahodha wangu wana shida moja: kati ya kidole na mdomo wa samaki usiyemwona kuna mshipi mrefu, na habari zote za huko chini zinapita humo.

Nailoni inavutika. Ya kawaida huweza kurefuka kwa asilimia 20 na zaidi kabla haijakatika. Kwenye pima tano hilo halikusumbui. Kwenye pima 25, ambazo ni kama mita 45, samaki akidonoa, ule mdono unamezwa njiani. Wewe umekaa, unatazama majahazi yanayokwenda Unguja, chambo kimeshaliwa. Ukishtuka ukavuta, mkono unapanda shibiri mbili na ndoana huko chini haijatikisika. Ndiyo maana wavuvi wa mshipi hawavuti kwa kifundo cha mkono. Wanavuta kwa bega, tena wanainuka kidogo.

Sasa unene, ambao ndio ugomvi wangu na nusu ya watu ninaovua nao. Mtu anakuja na mshipi wa paundi 100, yaani kilo 45 na ushei, anakwenda kutafuta changu wa kilo mbili. Ukimuuliza, atakwambia, "Akija mkubwa je?" Huyo mkubwa huja mara moja kwa mwaka, na akija anaingia pangoni na mshipi wako wa paundi 100 unasagwa na mwamba vilevile. Siku nyingine zote zilizobaki unalipa gharama ya woga huo. Maji yanausukuma mshipi kulingana na unene wake: ukizidisha unene mara mbili, umezidisha na msukumo mara mbili. Na msimu wa kusi ndipo mkondo wa pwani hii, ule unaokwenda kaskazini, unapopata nguvu. Mshipi mnene unafanya tumbo kama tanga. Unadhani chubwi, ule uzito wa kuzamisha ndoana, liko chini ya chombo, kumbe limeshatembea. Unaongeza chubwi zito zaidi ili lishike chini, na ukiongeza uzito, mdono mdogo haufiki tena mkononi. Halafu unasema leo samaki hawali.

(Ndiyo, ungeweza kungoja maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, badala ya kwenda wakati wa bamvua, ukiwa mkali. Mimi hungoja. Lakini mwajiri wangu hafuati mwezi, anafuata Jumamosi.)

Turudi kwenye fluorokaboni. Inasifiwa kwamba haionekani majini, na kuna ukweli, kwa sababu inapindisha mwanga karibu sawa na maji kuliko nailoni inavyofanya. Mimi sifa hiyo siinunui sana. Kwenye kina kile mwanga wenyewe umeshapungua, na changu mwenye njaa hana muda wa kukagua. Sifa zake za kweli ni nyingine: ni nzito, inazama yenyewe, hainywi maji kama nailoni ambayo ikilowa hupungua nguvu, na inavumilia kusuguliwa na matumbawe. Wanaosema haivutiki wanatia chumvi, inavutika. Pia ni ngumu kufunga. Usipolilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, joto la msuguano linaiunguza na itakatikia hapohapo.

Kuna uzi uliosukwa nao. Huo ndio karibu hauvutiki kabisa, na kwa nguvu ileile ni mwembamba karibu nusu ya nailoni. Kwa mwenye fimbo sina la kubishana naye, aweke huo na mbele afunge pima mbili za fluorokaboni, maana uzi uliosukwa ukigusa jiwe umekwisha. Kwa mshipi wa mkono, usithubutu. Mwaka juzi nilijaribu. Nilikuwa nimeuzungusha uzi mara moja kwenye kidole cha shahada, kijinga kabisa, chewa akashika na kugeukia shimoni. Uzi uliingia kwenye kiungo cha kidole kama wembe. Sikuona damu mwanzoni, niliona mstari mweupe, halafu chumvi ikaingia. Nahodha aliukata uzi kwa kisu bila kuniuliza. Yeye kidole kile hukivisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na hata hivyo kina mfereji ambao ukipitisha kucha unausikia.

Kwa hiyo kijana wangu, usinunue rola zima la fluorokaboni. Nunua nailoni ya unene wa wastani, paundi 40 inatosha, lakini iwe mpya kweli. Hapa ndipo pesa nyingi za Dar zinapopotelea. Nilishanunua mshipi kwenye duka moja Kariakoo, lebo nzuri, rangi nzuri, umetundikwa mlangoni juani sijui tangu lini. Jua huila nailoni polepole. Safari ya kwanza ulikatika mara tatu, na mara moja hata samaki hakuwepo, ni chubwi tu lililokwama. Tangu siku hiyo sioni aibu kumwomba muuzaji nifungue mita moja. Naupitisha kwenye kucha nikisikiliza mikwaruzo, nafunga fundo, navuta. Akikasirika nahamia duka la pili.

Ukibaki na chenji, nunua fluorokaboni ndogo kabisa, ya kuweka pima mbili za mbele tu, karibu na ndoana, ambako mwamba unakwaruza. Mmarekani yeye ana gurudumu la kukunjia mshipi na fimbo ya kufidia mambo mengine, wewe una mkono.

Jumamosi iliyopita nilitoka hivyohivyo. Nikapata changu sita na kelea mmoja. Nahodha, na mshipi wake mnene ninaoupigia kelele makala nzima, alipata tisa. Wakati wa kurudi, kusi imeshaanza kutupiga maji ya uso, akanyoosha mkono kwenye kikapu changu.

"Mwanangu, kile kigumu cha mbele, kimebaki?"

Nikamkatia pima mbili. Akalifunga fundo kwa mate, akalivuta kwa meno, akanyamaza. Ule mnene wa nyuma hajaubadilisha.