Boila Langu na Kombora Letu

Boila limegoma tena. Februari 2024, Birmingham, Uingereza, natoka zamu ya usiku vidole vimekufa ganzi, nafungua bomba yanatoka maji ya barafu. Nikajigubika blanketi, nikashika simu nipoze hasira, ndipo nikakutana na habari ya kombora letu.

Nasema letu kwa sababu mimi ni mbia. Kodi hukatwa kabla mshahara haujanisalimia. Basi tarehe 30 Januari 2024, nje ya pwani ya Florida, nyambizi ya Uingereza HMS Vanguard imefyatua kombora la Trident, lile la kubebea nyuklia, waziri wa ulinzi wa wakati huo Grant Shapps mwenyewe yumo ndani. Lilitakiwa likate maelfu ya kilomita za Atlantiki. Likachomoka majini, injini ikakataa kuwaka, likarudi chubwi! Pale pale ubavuni mwa mama yake. Halikubeba kichwa cha nyuklia, alhamdulillahi, lakini ni pauni milioni 17 hizo. Na nyambizi ndiyo kwanza imetoka matengenezoni Plymouth, zaidi ya miaka 7! Gari langu likilala gereji siku mbili tu, nakosa usingizi.

Saa nne akaja fundi aliyetumwa na mwenye nyumba. Kumbe mtu wa Kisauni, Mombasa.

"Shekhe, boila hili zima kabisa."

"Mbona haliwaki?"

"Kuwaka haliwaki. Lakini zima."

Akavua kifuniko, akabonyeza. Tik, tik, tik. Kimwali cha buluu kikachungulia, kikaona baridi ya jikoni kwangu, kikarudi ndani. Akabonyeza tena. Mimi nimesimama nyuma yake, blanketi mabegani, nimekunja uso kama waziri ndani ya nyambizi. Tik, tik. Kimya.

"Hii hitilafu ya leo tu," akasema.

Nikamtazama. Maneno hayo si ndiyo nimetoka kuyasoma? Wizara nayo imesema palitokea hitilafu, ni ya tukio lile tu, silaha yenyewe madhubuti, na waziri ana imani nayo kabisa.

"Una imani nalo, bwana?"

"Mia kwa mia."

"Basi ingia uoge wewe."

Akacheka, akamaliza chai yangu, akafungasha bisibisi zake. Nikamkumbusha kuwa hata mwaka jana alisema ni hitilafu ya siku ile tu. Akasema ile ilikuwa siku nyingine. Ni kweli, siwezi kubisha. Hata Trident ya 2016 ilikuwa siku nyingine, ilishika njia siyo, na Theresa May, waziri mkuu wa wakati ule, alipoulizwa kwenye televisheni kama alikuwa na habari, aliulizwa mara 4 akajibu mengine yote. Mwenye nyumba wangu ni mwanafunzi wake. Nikimpigia kuhusu boila, ananiuliza watoto hawajambo.

Mimi nikichelewa zamu dakika 6, barua! Hakuna meneja aliyewahi kuniambia, ndugu, hizi dakika ni za tukio hili tu, mfumo wako wa kuamka tuna imani nao. Jiji lenyewe lilitangaza Septemba 2023 kuwa mfuko umetoboka, 2024 likataka kodi ipande asilimia 10, na basi la alfajiri huja likijisikia. Mnanikata hela ya kuwasha moto baharini, na wa jikoni kwangu je? Moto wa kuogea tu jamani, sitaki kumpiga mtu!

Simu ikalia, mama, Tanga.

"Mwanangu, nasikia bomu la Waingereza limewaangukia wenyewe. Uko salama?"

"Lilianguka baharini, mama, mbali sana."

"Maskini samaki wa watu. Sasa sikiliza, lile shoka la marehemu baba yako uliliweka wapi?"

Shoka! Nimeondoka nyumbani 2009. Nadhani nililisimamisha nyuma ya banda la kuku. Anasema banda lilishabomolewa. Birika la pili linachemka, ndoo na kopo viko tayari, na yeye bado anazunguka uani na simu, ananiambia nisubiri.