Biashara ndogo ni nyingi, ila kwa nini hazikui?

Benki ya Dunia inasema biashara ndogo na za kati ni takriban asilimia 90 ya biashara zote duniani, na zimebeba zaidi ya nusu ya ajira. Wanasiasa wanaipenda sana takwimu hiyo. Mimi najiuliza ni ngapi kati ya hizo zimebaki ndogo kwa kupenda.

Tuichukue Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam. Fremu ya mlango mmoja inauza mabegi yaliyotoka Guangzhou, na wateja wake wa jumla wanatoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni. Bei inapatanwa palepale, jioni mzigo uko kwenye lori. Wapagazi, madalali na mama lishe wote wanakula humo. Kampuni kubwa, kwa vikao vyake, ingeuweza wepesi huo? Wanaozitetea biashara ndogo wana hoja, tena nzito.

Ila angalia mauzo yanapopanda. Tanzania, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida ni asilimia 18, na usajili ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya Julai 2023 ilikuwa milioni 100. Mwenye duka anayeukaribia mstari huo anaweza kufungua fremu ya pili kwa jina la shemeji, yenye TIN yake, yaani namba ya mlipa kodi. Kwenye vitabu vya serikali zimezaliwa biashara mbili, kumbe stoo ni ileile. Ni ujanja, ndiyo, lakini akisajiliwa, jirani yake asiyetoa risiti atamshinda bei kila siku, na mzigo ambao yeye mwenyewe alinunua bila risiti hauna VAT ya kurudishiwa.

India ilienda mbali zaidi. Kuanzia 1967 ilitenga bidhaa zinazoruhusiwa kutengenezwa na viwanda vidogo tu, na orodha ikapita bidhaa 800, nguo zikiwamo. Mafundi wengi walipata kinga. Lakini mwenye kiwanda akiongeza mashine alivuka kikomo cha mtaji na kupoteza kinga hiyo, huku Bangladesh ikijenga viwanda vya maelfu ya washonaji na kuteka soko la Ulaya. Bidhaa 20 za mwisho ziliondolewa kwenye orodha mwaka 2015.

Kwa hiyo kuupandisha mstari hadi milioni 200 kumempa nafuu aliyekuwa kwenye 100, basi. Mwenye 190 bado haoni sababu ya kufika 210, labda aruhusiwe kuingia kwenye VAT kidogokidogo, kwa miaka miwili mitatu.