Samaki wa baharini ana haja gani na maji ya mto?

Hoja ni ya zamani: maji ya mto yanayomwagika baharini yamepotea bure, heri yazuiwe bwawani yamwagilie mashamba. Wanaoitetea wana swali ambalo si la kupuuzwa. Kama samaki ametagwa kwenye chumvi na atarudi kutaga kwenye chumvi, maji baridi mlangoni mwa mto yanamfaa nini?

Tumtazame kifaranga wa samaki mwenyewe anavyofika mlangoni mwa mto. Wengi huwasili wakiwa na urefu wa sentimita moja au mbili, mwili mwangavu kiasi kwamba kinachoonekana kwanza ni macho mawili meusi. Hana ubavu wa kushindana na mkondo, kwa hiyo huvizia. Maji yakipwa, anajibanza karibu na sakafu; yakijaa, anainuka na kubebwa ndani. Mto nao humsaidia kwa namna ambayo mtu aliye juu ya mashua haioni. Maji baridi ni mepesi, hutoka yakielea juu, na maji ya chumvi yaliyo mazito huingia chini kuchukua nafasi. Mto uleule unaosukuma nje ndio unaovuta ndani. Tena una harufu yake, ya udongo na majani yaliyooza, na majaribio ya maabara yameonesha kuwa baadhi ya vifaranga huifuata.

Kuna na suala la damu. Damu ya samaki wengi wa baharini ina chumvi kama theluthi moja tu ya ile ya maji ya bahari. Kwenye maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo, samaki hutumia nguvu kuitoa chumvi usiku na mchana. Kwenye gramu 12 hivi mzigo huo karibu unaisha, na nguvu inayobaki inaweza kwenda kwenye kukua.

Hadi hapo mto umeshinda, ila mambo si mepesi hivyo. Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, kuna milango miwili ya mito iliyo karibu karibu. Great Fish huongezewa maji ya mto Orange kupitia handaki la kilomita 82 lililofunguliwa 1975. Ni tope tupu, na planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini, humo ni tele. Kariega umebaki na maji machache kwa sababu ya mabwawa. Maji yake ni maangavu na chini kuna nyasi bahari. Ukihesabu vifaranga wapya, Great Fish unaongoza. Lakini Kariega si jangwa, kwani nyasi zile zinaficha na kulisha samaki wachanga wa aina zinazopenda maji maangavu. Na mafuriko makubwa, tukubali, huwafagia vifaranga hadi nje, hung'oa nyasi, na pengine huacha maji yasiyo na oksijeni.

Hata takwimu za uvuvi zinahitaji jicho kali. Queensland, Australia, mwaka wa mvua nyingi nyavu hujaa samaki aitwaye barramundi. Je, samaki wameongezeka, au mafuriko yamewasogeza tu hadi nyavuni? Mimi ningeishia kwenye shaka hiyo, lakini watafiti wa mto Fitzroy walisoma pete za mawe ya sikio, ambazo huonesha umri wa samaki kama pete za mti, wakaona kuwa vizazi vya miaka ya maji mengi ndivyo vilivyokuwa vikubwa. Samaki waliwekwa alama pia, na ukuaji wao ulikwenda kasi mto ulipojaa. Hilo nyavu peke yake zisingelithibitisha.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili hukosea zinapobishana juu ya jumla ya mita za ujazo kwa mwaka. Bwawa la umeme linaweza kuachia sehemu kubwa ya maji yake, lakini kidogo kidogo, sawasawa miezi 12, bila tope na bila kilele cha msimu. Kwenye daftari hakuna kikubwa kilichopungua. Kifaranga aliye nje amekosa ishara ya kuingia.

Anayedhani bahari peke yake inatosha aangalie ziwa la St Lucia, pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Ukame uliufunga mlango wake kwa mchanga mwaka 2002, na kufikia 2006 sehemu kubwa ya ziwa ilikuwa imekauka. Machi 2007 mawimbi ya kimbunga Gamede yalikutana na bamvua, yakauvunja mchanga. Bahari iliingia na vifaranga wakaingia nayo. Ila mto haukuwa na maji ya kuuweka mlango wazi. Agosti mchanga ulirudi, na waliokuwa ndani wakabaki humo, maji yakizidi kuwa machumvi kadiri jua lilivyoyakausha.